Kompyuta ya nyumbani: uunde au ununue iliyo tayari? Pita hatua hizi kabla hujatoa hela

Watu wakiuliza "niunde au ninunue" wanakuwa na njia mbili tu kichwani, kumbe kwa hapa Dar njia ni tatu. Kuna kuunda, yaani unanunua prosesa (ubongo wa mashine), madabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote), RAM (kumbukumbu ya muda) na vingine kipande kipande halafu unaviunganisha mwenyewe au fundi anakuunganishia. Kuna kununua mpya ya boksi. Halafu kuna hii ya tatu ambayo ndo imejaa Kariakoo na Posta, mashine zilizotumika maofisini huko Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre, zimefanya kazi miaka kadhaa kampuni ikabadilisha zote kwa mpigo, zikapakiwa kwenye kontena zikaja kwetu. Wengine wanaziita used, wengine refabishi, yote sawa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukijua nimeegemea wapi. Kinachoamua ni kadi ya grafiki, kile kipande cha kuchakata picha za gemu, video na 3D. Kama kazi zako hazihitaji kadi ya nguvu, usijisumbue kuunda, chukua hiyo ya tatu na chenji inabaki. Kama unaihitaji kweli, hapo ndo kuunda kunaanza kuwa na maana.

Hatua ya 1: andika kazi, usiandike sifa

Chukua karatasi uandike kompyuta itafanya nini na nani ataitumia. Usianze na "nataka i7 RAM 32", hiyo ni lugha ya muuza duka na ndo inakufanya uondoke na i7 ya mwaka 2013 ukidhani umepata mali. i3, i5 na i7 ni majina ya prosesa za Intel, na i7-4770 ya 2013 inaachwa mbali tu na i3-12100 ya 2022, japo jina la i7 linaonekana kubwa. Namba ya kuangalia ni ile baada ya kistari: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-12400 ni kizazi cha 12. Ukilijua hili peke yake umeshawazidi nusu ya wanaoingia dukani.

Sasa gawa kazi zako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni Word, Excel, Zoom, masomo ya watoto, kuangalia muvi, hesabu za duka, kuandika ripoti, Photoshop za hapa na pale, hata kutengeneza biti kwenye FL Studio, hizi zote zinataka prosesa ya kawaida, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya kutosha basi. i5 ya kizazi cha 8 na RAM GB 16 inazifanya bila kelele. Fungu la pili ni gemu kubwa za kisasa, kuediti video kwenye DaVinci Resolve, kuchora 3D kwenye Blender, Lumion na ndugu zake kwa wale wa usanifu majengo, na hawa wapya wanaotaka kuendesha modeli za AI nyumbani. Hawa wanataka kadi ya grafiki na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Kuwa mkweli hapo. Kuna mtu anaandika "gemu" kwa sababu ana ndoto za kucheza, ila ukimuuliza mara ya mwisho kucheza ni lini anaanza kukuna kichwa.

Hatua ya 2: wale wa katikati

Kuna kundi ambalo halipo huku wala kule, mtu anacheza gemu nyepesi au za zamani kidogo, anaediti video fupi za biashara yake. Huyu asikimbilie kuunda mashine nzima. Anaweza kuchukua used ya ofisi halafu akachomeka kadi ndogo kama GTX 1650 isiyohitaji waya wake wa umeme. Sababu ni kwamba sloti ya kadi kwenye madabodi inatoa wati 75 mwisho, na hizi mashine za ofisi pawa saplai yake mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa, na kuibadilisha sio rahisi maana Dell na HP wanatumia plagi zao wenyewe na maumbo yao wenyewe.

Umbo la kesi hapo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Yale makubwa ya kusimama, yameandikwa MT au Tower, yanaingia kadi ya kimo cha kawaida. Yale membamba yameandikwa SFF yanaingia kadi ya nusu kimo tu, kwa hiyo GTX 1650 sio kila moja itaingia, tafuta ile ya nusu kimo. Na yale madogo kama kitabu, Micro, Mini au Tiny, kwa kawaida hayaingii kadi kabisa, ni mazuri kwa kubandika nyuma ya monita na yanakula umeme kiduchu ila ukishanunua ndo umefunga mlango wa kadi.

Ukitaka kuunda kitu kidogo bila kadi pia ipo njia, prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani, inacheza gemu nyepesi ukishusha mipangilio, na siku ukipata hela unaongeza kadi.

Hatua ya 3: bajeti iwe ya meza nzima

Hapa ndo hesabu za wengi zinapoharibika. Mtu anatenga laki nane ya "kompyuta", anaimaliza yote kwenye kasha, yaani mashine yenyewe, halafu anakumbuka hana monita. Andika kila kitu: monita, kibodi, mausi, spika au hedifoni, UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), waya. Ongeza na hivi vidogo vinavyosahaulika:

- Mashine nyingi za ofisi zina DisplayPort, monita yako au TV ina HDMI, unahitaji adapta.
- Nyingi hazina Wi-Fi. Kama intaneti yako ni ya simu au ruta iko sebuleni, nunua kile kidude cha Wi-Fi cha USB.
- Leseni ya Windows. Mashine ya ofisi iliyokuja na Windows tangu kiwandani huwa ufunguo wake umo kwenye BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayowaka kabla ya Windows), ukiweka Windows ya aina ile ile leseni inajithibitisha yenyewe. Ya kuunda haina, leseni ni juu yako. Kama hutaki gharama hiyo weka Linux Mint au Ubuntu, bure, na kwa kazi za fungu la kwanza zinatosha kabisa ukishazoea LibreOffice.

Ukishajumlisha ndo utajua kasha lenyewe limebakiwa na shilingi ngapi. Mara nyingi jibu la swali la kuunda au kununua linajitokeza hapa hapa bila hata kuendelea mbele.

Hatua ya 4: tafuta bei tatu za wiki moja

Ya kuunda, mpya ya boksi, na used, zote za uwezo unaokaribiana, na zote uzipate wiki hiyo hiyo kwa kuzunguka au kupiga simu. Bei uliyoisikia kwenye video ya YouTube ya 2024 isahau. Kuelekea mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipaa dunia nzima, kwa sababu viwanda vya chipu za kumbukumbu ni vichache, Samsung, SK Hynix na Micron ndo wakubwa, na wote wanakimbilia kuhudumia seva za AI kwenye hela nene. Micron mwezi Desemba 2025 wakatangaza hadi kuachana na Crucial, ile chapa yao ya RAM na SSD za watu wa kawaida. Maana yake kwako ni kwamba RAM, iliyokuwa kitu cha kuongezea mwishoni na chenji, sasa inakula sehemu nono ya bajeti ya kuunda, na DDR5, aina mpya ya RAM, ndo inauma zaidi. Used inakuja na RAM yake tayari ndani, kwa hiyo kwa sasa mizani imeilalia zaidi.

Kuna wale wenye ndugu au mtu wa biashara anayekwenda Dubai. Pale Bur Dubai, mtaa wa Khalid bin Al Waleed, maduka ya vipuri vya kompyuta yamepangana, na vitu vidogo kama prosesa, SSD na RAM vinabebeka. Kadi ya grafiki nayo inabebeka ila inataka boksi lake. Kesi na pawa saplai nunua hapa hapa, usimbebeshe mtu machuma. Angalizo moja: prosesa za AMD za soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi) ya AM4 zina vijipini chini yake, zikibanwa kwenye begi bila kasha lake vinapinda, wakati za AM5 na za Intel vijipini viko kwenye madabodi. Na kumbuka kitu kikifa baada ya wiki mbili waranti iko Dubai, wewe uko Mbagala. Kwa prosesa mimi sina wasiwasi sana maana zinakufa mara chache, kwa kadi ya grafiki ningependa duka ninaloweza kulifuata kwa daladala.

Hatua ya 5: umeme

Hii watu wa huko nje wakiandika miongozo yao hawaigusi sana, ila kwetu inaweza kubadilisha uamuzi wote.

Piga hesabu hii. Mashine ya ofisi na monita yake tuseme inavuta wati 60 ukiwa unafanya kazi za kawaida. Saa 4 kwa siku, siku 30, ni uniti 7 na kidogo. Mashine ya gemu na monita ikivuta wati 350 ukiwa unacheza, saa zile zile, ni uniti 42. Hizo uniti zinatoka kwenye LUKU ile ile ya friji na pasi, na kama nyumba ni ya kupanga mnachangia mita moja jiandae kwa maneno.

Halafu kukatika. UPS ndogo ya 650VA ambayo ndo wengi wananunua, nyingi zinabeba kama wati 360 hadi 390 tu. Mashine ya ofisi inakaa juu yake vizuri, unapata dakika za kutosha kuseivu na kuzima. Mashine ya gemu ikiwa katikati ya mechi inaweza kuizidi nguvu ikazima papo hapo, kwa hiyo ukiunda ya nguvu ongeza na bei ya UPS kubwa. Laptopu haina tatizo hili kabisa, na kama mtaani kwenu umeme unakatika kila siku na kazi yako ni ya fungu la kwanza, pengine swali lako lilikuwa desktopu au laptopu tangu mwanzo.

Na pawa saplai. Ukiunda, usikubali ile inayokuja bure ndani ya kesi haina jina wala uzito. Umeme ukirudi kwa kishindo hiyo ndo ya kwanza kupokea, na ikifa vibaya inaondoka na wenzake. Chukua yenye jina na alama ya 80 Plus, ile alama inahusu ufanisi wa umeme tu ila angalau inakutoa kwenye takataka. Punguza taa za disko kwenye kesi, weka hela hapa.

Hatua ya 6: jiulize nani ataitengeneza

Ya kuunda ina raha moja kubwa, vipimo vyake ni vya kawaida vya dunia nzima, pawa saplai ikifa unanunua yoyote ya ATX, madabodi ikifa unatafuta ya soketi ile ile, prosesa inabaki. Used ya Dell au HP ikifa madabodi unatafuta ya modeli ile ile, ila kwa kuwa zimejaa sokoni mafundi wanachinja moja kuponya nyingine na vipuri vinapatikana. Ukiwa Dar, Arusha au Mwanza hapo hakuna shida. Ukiwa mbali na mji mkubwa, chukua modeli ambayo umeiona kwa wenzako, usinunue kitu cha ajabu ukabaki nacho peke yako wilaya nzima.

Mpya ya boksi inamfaa anayenunua kwa hela ya ofisi au mradi, anahitaji risiti na waranti ya maandishi. Kwa hela ya mfukoni sioni sana, maana ile ya bei nafuu unakuta ndani ni Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, na RAM GB 4, boksi linanukia upya lakini inapitwa na used ya kizazi cha 8. Ukichukua hii uliza kabisa ukiifungua kuongeza RAM waranti inakufa au haifi.

Hatua ya 7: ukiamua used, kagua pale pale dukani

Kigezo cha kwanza ni kizazi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kwa hiyo anzia OptiPlex 3060, 5060, 7060, au EliteDesk 800 G4, au ThinkCentre M720 na M920. OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 ni za kizazi cha 6 na 7, zinafanana sana kwa nje na muuzaji atakuonyesha Windows 11 inawaka, lakini imewekwa kwa kuzunguka mlango wa nyuma, na sasisho kubwa lijalo linaweza kugoma. Kama bei ni ya chini sana na utaweka Linux, sawa. Kama sivyo, ongeza hela kidogo.

Kisha mwambie akuwashie na ufanye hivi, usione aibu foleni ikiwa nyuma yako:

- Ingia BIOS. Ikidai nywila, iache hapo hapo.
- Kama ni Dell, soma Service Tag kwenye stika, iingize kwenye tovuti ya Dell kwa simu yako, utaona ilitoka kiwandani lini na ikiwa na vitu gani. Muuzaji akisema "hii ya juzi juzi" na Dell wanasema 2018, umepata pa kuanzia kupunguziwa.
- Windows ikianza upya ikakudai akaunti ya kampuni fulani usiyoijua, mashine bado imefungwa na wenyewe. Usiichukue hata kwa nusu bei.
- Nenda na CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, kwenye flashi, angalia afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Hadidiski ya zamani ya kuzunguka isikupotezee muda, hesabu kwamba utaweka SSD.
- Fungua kifuniko. RAM GB 16 kama vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa unapotegemea grafiki ya ndani. Angalia vumbi, kutu kwenye skrubu, harufu ya kuungua.
- Weka video, iache ichezwe huku mnabishana bei. Feni ikilia kama bodaboda iliyotobolewa ekzosti, au ikizima yenyewe, umejua.
- Chomeka kitu kila tundu la USB, na hedifoni.

Waranti ya mdomo haipo. Miezi aliyosema iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine.

Hatua ya 8: ukiamua kuunda

Anza na kadi ya grafiki kwa sababu ndo imekuleta huku, halafu vingine vyote viifuate. Mfano wa mashine ya kati inayojitosheleza: Ryzen 5 5600, madabodi ya B550, RAM DDR4 vipande viwili vya GB 8, SSD ya NVMe (ile nyembamba inayochomekwa kwenye madabodi), kadi ya RX 6600 au RTX 3060, pawa saplai ya wati 550 hadi 650. Hiyo ni AM4, soketi ya tangu 2016, ni ya zamani ndio lakini DDR4 yake inakuokoa kwenye bei za sasa. AM5 iliyotoka 2022 inakubali DDR5 tu, ukiwa na hela na unataka kuja kubadilisha prosesa baadaye, nenda huko.

Hakikisha haya kabla ya kulipa. Soketi ya prosesa na ya madabodi ni moja. RAM ni aina inayokubaliwa, DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5 hata ukiisukuma. Urefu wa kadi unaingia kwenye kesi. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ndani, na Ryzen 5 5600 isiyo na G nayo hivyo hivyo, kwa hiyo kadi ikifa huna picha kabisa.

Kuunganisha kwenyewe sio kugumu, ni jioni moja kwa mtu mtulivu. Gusa chuma kabla ya kushika vipande ili utoe umeme tuli. Weka prosesa, RAM, SSD na feni ya prosesa kwenye madabodi ikiwa bado juu ya boksi lake la karatasi, kadi nayo, chomeka pawa saplai, washa uone kama inafika BIOS. Ikiwaka ndo uiingize kwenye kesi, maana ikigoma ukiwa umeshakaza skrubu zote utalia. Kwenye kesi hakikisha vile viguu vya shaba vinavyoinua madabodi viko mahali pake tu, kimoja kikiwa sehemu isiyo na tundu kinaweza kupiga shoti. Waya wa monita unachomekwa kwenye kadi, usichomeke kwenye madabodi. Ukimaliza ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, kwenye madabodi nyingine imeandikwa DOCP au EXPO, bila hivyo RAM uliyolipia kasi ya 3200 itatembea polepole na hutajua.

Ukimpa fundi akuunganishie, nunua vipande mwenyewe, kaa naye mpaka amalize, na maboksi yote ondoka nayo pamoja na ile RAM "iliyobaki".

Kama bado umekwama katikati

Gawa safari mara mbili. Nunua sasa OptiPlex au EliteDesk ya Tower ya kizazi cha 8, tumia mwaka au miwili, na monita, kibodi na SSD utakazonunua ziwe nzuri kidogo kuliko zinavyohitajika leo. Ukija kuunda unahama nazo, na RAM yake ya DDR4 nayo inahamia kwenye madabodi ya AM4 bila shida, kasi yake ni ndogo kidogo lakini inafanya kazi. Kinachobaki nyuma ni kesi, pawa saplai, madabodi na prosesa yake, unaviuza kama kasha tupu au unamwachia mdogo wako pamoja na RAM ndogo ya kununua baadaye. Ila kwa mpango huu usichukue ile Micro, RAM yake ni ya laptopu na haitahama popote.